Mwenye Chatu ni Nani Hapa?

Mzee alipanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni akihema, akavua pama lake. Umeme ulikuwa umerudi dakika kumi tu nyuma na wanafunzi wangu sita walikuwa bado wanahangaika kuwasha kompyuta. Akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu mbuzi, kisha akauliza kwa adabu zote: "Mwenye chatu ni nani hapa?"

"Shikamoo baba. Hapa ni darasa la kompyuta."

"Marahaba." Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa, akanyoosha mguu wa kulia, akakunja suruali mpaka juu ya goti. Goti lilikuwa limevimba kweli. Mwaka wa tatu sasa, akasema. Amepaka dawa zote za dukani, amechomwa sindano, na shemeji yake wa Sengerema amemwambia kilichobaki ni mafuta ya chatu, ila yawe yenyewe, siyo yale ya stendi yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Ndipo akaliona bango letu. Wala hakutaka mengi. Alikuja na chupa yake ya soda, tupu, imeoshwa.

Nikamweleza kwamba Python, neno lililo kwenye bango, kwa Kiingereza ni chatu kweli, ila hapa ni lugha. Akauliza, ya kabila gani? Nikasema ni lugha ya kuiagiza kompyuta kazi, ameitengeneza Mholanzi. "Wadachi," akasema, kama mtu aliyekuwa analitegemea jibu hilo. "Waholanzi, baba." "Haohao." Nikaona nimwambie na la pili: chatu wa aina zote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kukutwa na mafuta yake bila kibali ni kesi. Hilo alilielewa upesi kuliko lile la lugha. Akateremsha suruali, akachukua chupa yake, akashuka.

Chanzo ni bango. Naendesha darasa la jioni Kirumba, Mwanza, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la nyavu na maboya, si mbali na uwanja wa mpira. Mwezi wa tatu nilimpa fundi mabango nembo yenyewe ya Python: nyoka wawili, mmoja bluu mmoja njano, wamepindana kistaarabu, hata meno hawana. Siku ya pili nafuata kazi yangu, nakuta fundi ameamua la kwake. Nembo hakuna. Badala yake yuko chatu mzima, mnene kama paja, amejiviringisha kwenye tawi, mdomo wazi, koo la waridi linaonekana mpaka ndani. Chini yake kwa herufi nyekundu: JIFUNZE PYTHON HAPA. "Dada, ile picha yako ilikuwa kama mabomba mawili ya maji," akanieleza. "Hii watu watasimama."

Elfu thelathini zangu zilikuwa zimeshalipwa. Nikalitundika.

Na kweli watu walisimama. Vijana wawili wa bodaboda walitaka kupiga picha nyoka akiwa shingoni, buku moja kila mtu. Mama wa nyumba ya nyuma, aliyepotelewa na kuku watatu, alikuja kuniuliza, bila kunituhumu lakini bila kutabasamu pia, kama mnyama wangu huwa namfungia usiku. Mwanafunzi aliyejiandikisha kwa sababu ya bango alikuwa mmoja tu. Halafu akaja mama yangu.

Mama anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki. Hakupanda ngazi. Alisimama barabarani na ndoo yake, akasoma bango lote, kisha akanipigia simu huku ananiona dirishani.

"Shuka."

Nikashuka.

"Babu yako alikuwa na nyoka zake, tukamzika. Nilijua zimeishia pale."

Nikaanza maelezo yangu ya kawaida, lugha ya kompyuta, Mholanzi, kazi za mtandaoni. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, ndiyo tabia yake, anakuacha umalize ili usije ukasema hukupewa nafasi. Kisha akasema: "Hilo jina nalijua. Limo kwenye Matendo."

Ikabidi nimwombe arudie. Kumbe mchungaji wao amesoma Kigiriki chuoni na hapendi kisome bure. Katika somo la Jumatano aliwaambia kwamba Matendo ya Mitume 16:16, pale Biblia yetu inaposema kijakazi wa Filipi alikuwa na "pepo wa uaguzi", Kigiriki kinasema pepo Python. Neno lenyewe. Mama alikuwa ameandika hata kwenye ukingo wa Biblia yake kwa kalamu ya risasi: *paithoni*.

"Paulo alimtoa yule pepo akapigwa viboko na kufungwa," mama akasema. "Wewe unalipa pango ili umrudishe."

Miaka minne nafundisha lugha hii, na mtu wa kwanza kunionyesha lilikotoka jina lake ni muuza dagaa. Jibu nililokuwa nawapa wanafunzi lilikuwa fupi. Guido van Rossum, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CWI huko Amsterdam, alianza kuiandika wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, ofisi ikiwa imefungwa na yeye akitafuta cha kumshughulisha. Akaitoa kwa watu mwaka 1991. Jina hakulitoa kwa nyoka yeyote. Wakati ule alikuwa anasoma maandiko ya Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza waliokuwa na kipindi BBC kuanzia 1969, naye alitaka jina fupi, la pekee, lenye fumbo kidogo. Nyoka walikuja baadaye na nembo. Hapo nilikuwa nafunga mada na kuandika amri ya kwanza, *print*, ubaoni.

Nikampa mama jibu hilohilo. Akasema, "Sawa. Na hao wachekeshaji walilitoa wapi?"

Walitaka tu jina lenye utelezi, linalochekesha masikioni. Lakini swali la mama lilikuwa limeshaingia, na swali la mama likiingia halitoki. Nilikaa wiki kadhaa usiku, baada ya darasa, nikilifuata neno hilo nyuma kama mtu anayefuata kamba ya ng'ombe gizani.

Huko mwanzo kabisa kuna mahali panapoitwa Delphi, Ugiriki, kwenye mteremko wa mlima Parnassus. Hapo palikuwa na chemchemi na mahali pa kuulizia mambo yajayo, na Wagiriki walisimulia kwamba palilindwa na joka, mtoto wa Gaia, yaani Ardhi mwenyewe. Ndiye Python. Akaja Apollo, mungu kijana mwenye upinde, akampiga mishale akamuua, akapachukua mahali na kazi yake yote. Watu wakija kuuliza, sasa wanamuuliza Apollo.

Nakiri moyo wangu uko upande wa joka. Huku kwetu tuna msemo wa joka la mdimu, mtu anayelinda asichokula. Python alikuwa joka la mdimu kamili: amekaa palipo pa mama yake, analinda, hadai nauli. Anatokea mgeni na silaha. Halafu kinachonifurahisha ni kwamba mshindi hakuweza kulifuta jina. Mahali paliitwa Pytho, na Apollo mwenyewe akaitwa Apollo wa Pytho. Mwanamke aliyekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu na kutoa majibu ya mungu aliitwa Pythia. Umemuua mtu, umehamia nyumbani kwake, na kila barua inayoletwa bado ina jina lake.

Na maana ya jina? Hapa ndipo nilipomfuata mama Mwaloni badala ya kumsubiri nyumbani. Katika utenzi wa kale wa kumsifu Apollo, joka ni jike na wala halipewi jina. Apollo anapolimaliza analiambia, kwa maneno yangu mimi, oza sasa hapohapo ardhini. Jua likaliozesha. Kitenzi cha Kigiriki cha kuoza ni *pythein*, na utenzi unasema ndiyo sababu mahali pakaitwa Pytho. Wenye elimu ya asili za maneno hawakubaliani wote kuhusu hilo, lakini Wagiriki wenyewe ndivyo walivyojieleza.

Kwa hiyo, mama, jina la lugha ninayofundisha ni Kuoza.

Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na dagaa waliokuwa chanjani walikuwa hawajakauka. Mtu asiyejua Mwaloni hawezi kujua harufu hiyo: haiji puani, inakaa juu ya ulimi. Dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu anageuka kwa siku moja, rangi ya fedha inakuwa kahawia, tumbo linapasuka, na bei inashuka mpaka kwenye dagaa wa kuku, wale wanaosagwa chakula cha mifugo. Mama alikuwa anachambua gunia, wazima huku, walioharibika kule. Hakunyanyua uso. "Huyo joka alikuwa mkubwa kiasi gani?" Nikasema hadithi inamfanya mkubwa sana. "Basi walinusa," akasema. "Jina la hivyo halitungwi na mtu aliyekaa mbali."

Sijasoma mahali popote maelezo mazuri kuliko hayo.

Kutoka kwenye kigoda cha Pythia neno likaanza kutembea. Habari maarufu ya majibu yake ni ile ya mfalme Croesus wa Lydia, iliyosimuliwa na Herodotus. Aliuliza kama apigane na Waajemi, akajibiwa kwamba akifanya hivyo ataangusha dola kubwa. Akaenda. Dola iliyoanguka ilikuwa yake. Hiyo nawapa wanafunzi wangu siku wanaponiambia kompyuta imekosea. Haijakosea, imejibu ulichouliza. Basi baada ya karne nyingi, neno *python* likawa jina la roho yoyote ya kuagua, na hata la mtu anayezungumza sauti ikitokea tumboni. Huyo ndiye aliyekuwa ndani ya kijakazi wa Filipi, aliyewaingizia mabwana zake faida nyingi. Tafsiri ya Biblia ya Kilatini ikaenda mbali zaidi: Sauli anapotaka mwanamke wa kumwitia marehemu Samweli, Kilatini kinamtafutia mwanamke mwenye *python*. Hakuna nyoka hata mmoja katika habari hiyo. Nyoka amekwisha zamani, limebaki jina na kazi.

Mchungaji wa mama alikuwa sahihi, kwa ufupi. Nilimwambia mama hivyo na hakushangaa.

Kuna mwingine wa ukoo huu ambaye kila aliyepita sekondari nchini amekutana naye, pengine kwa machozi: Pythagoras. Waandishi wa kale walilieleza jina lake hivi, kwamba alinena kweli sawasawa na Pythia. Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, aliposikia hilo alisema kwa sauti, "Kumbe yule naye ni chatu!" Alipata F ya hesabu na anasema sasa anaelewa aliumwa na nini. Nikamkumbusha kwamba chatu hana sumu, anabana tu. "Ndiyo hivyohivyo," akasema.

Tumfikie sasa chatu mwenyewe, maana alichelewa sana kupewa jina hili. Wazungu walipoanza kuwapanga wanyama kwa Kilatini, chatu wetu wa Afrika alipewa mwaka 1789 jina la Seba, na mwaka 1803 Mfaransa Daudin akaliunda jenasi la Python, yaani kundi la chatu walio ndugu, ndiyo leo chatu wa Afrika anaitwa *Python sebae*. Huyo Seba, Albertus Seba, alikuwa muuza dawa aliyekusanya wanyama wa nchi za mbali, waliokaushwa na waliotiwa kwenye chupa, akachapisha michoro yao. Alifanyia biashara yake wapi? Amsterdam. Mji uleule ambao zaidi ya miaka 250 baada ya kifo chake Mholanzi mwingine alikaa likizo ya Krismasi akatengeneza lugha yangu. Hakuna uhusiano wowote kati yao. Nimetafuta. Lakini siku nilipogundua nilisimama chumbani peke yangu nikapiga makofi. Pia nilimkumbuka yule mzee: alitaka mafuta ya chatu, na kumbe muuza dawa wa kumhudumia alikuwepo Uholanzi karne tatu zilizopita. Kasoro ni "Wadachi" tu, yaani Wajerumani, na hata hapo mzee hakukosea sana, maana Seba alizaliwa upande ambao leo ni Ujerumani.

(Ipo pia bastola ya Marekani, Colt Python, ya mwaka 1955, na makombora ya Israeli ya jina hilo. Watengeneza silaha hawana ubunifu. Wakiona kitu kinaua, basi.)

Nimemzunguka babu muda mrefu. Babu mzaa mama alikuwa wa Kisesa, na alikuwa mmoja wa Bayeye, chama cha Wasukuma cha watu wa nyoka. Wasiojua hudhani ni watu wa kiinimacho. Bayeye walijua dawa za kuumwa na nyoka. Mtu akigongwa na swila, walifuatwa wao. Ngoma ilikuwa mlango wa mbele wa ujuzi huo. Babu aliacha kucheza alipozeeka, lakini niliwahi kumwona mara moja, nina miaka saba au nane, Bujora, kwenye sikukuu ya Bulabo ya mwezi wa sita.

Mashindano ya ngoma ya Kisukuma yana hukumu yake ya ajabu. Pande mbili, Bagika na Bagalu, zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji wa kuinua kibao. Watu wakihama kwako kwenda kwa mwenzako umeshindwa, na unawaona kwa macho yako wanavyohama. Ndiyo maana nyoka. Babu alikuja na gunia la katani begani, akaliweka chini, akalizunguka akiimba kama vile hakuna kitu ndani. Akalifungua mdomo akarudi nyuma. Gunia likatulia muda mrefu mpaka watoto tukaanza kusogea. Kisha kichwa kikatoka, si kwa kurupuka, kwa kutafakari, na ulimi ukaonja hewa. Alikuwa mrefu kuliko babu. Babu akamwinua na kumvika shingoni, na nikaona jinsi miguu ya mzee wangu ilivyofunguka kidogo kubeba uzito ule. Baadaye aliniruhusu niguse. Nilitegemea utelezi. Alikuwa mkavu, wa baridi, na chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinachotembea polepole, msuli baada ya msuli, kama mtu anayepita nyuma ya pazia.

Upande wa pili ulibaki na ng'ombe na watoto wadogo.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Pale Delphi waliweka michezo ya kila miaka minne, michezo ya Pythia, kwa ajili ya ushindi dhidi ya joka. Kabla ya mbio na mieleka, ilikuwa mashindano ya muziki. Na moja ya mashindano yaliyosifika sana lilikuwa la filimbi peke yake, bila maneno: mpigaji alisimulia kwa filimbi yake jinsi Apollo alivyopigana na Python, kuanzia kumchungulia mpaka mwisho, na mwishoni alitakiwa aige mlio wa joka linapokata roho. Sakadas wa Argos alishinda kwa wimbo huo katika karne ya 6 kabla ya Kristo.

Wao walimuua wakamwigiza. Babu alimleta mzima, akamrudisha mzima ndani ya gunia, akamlisha kuku. Na wote walikuwa wanashindania watu waliosimama uwanjani. Nikamwambia mama. Akakaa kimya, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu bango. "Babu yako angewanyima hao Wagiriki watu wote," akasema. "Filimbi!"

Upande wa pili wa ziwa, Nyakach karibu na Kisumu, Wajaluo walikuwa na Omieri, chatu waliyemheshimu kabisa. Akitokea, ni mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua moto, habari zake zikaandikwa magazetini kama za mgonjwa mkubwa, na alipokufa watu walimlilia. Huyo naye alikuwa joka mlinzi wa mahali pake, na hakuna Apollo aliyehitajika. Nawaza kwamba kama Wagiriki wangeanzia huku ziwani, hadithi ya Delphi ingeishia mstari wa pili: palikuwa na joka, watu wakalipelekea mbuzi.

Jumamosi moja niliwachukua wanafunzi, na mama, tukaenda Kisiwa cha Saanane. Ni dakika chache tu kwa boti kutoka mjini. Palikuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, tangu 1964, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa. Nilitaka wamwone chatu wa kweli, angalau mara moja, watu wanaoliandika jina lake kila siku. Hatukumwona. Tuliona pimbi wamejipanga mwambani kama wajumbe wa mkutano, na kenge mmoja mrefu aliyetupita bila salamu. Askari wa hifadhi akatuonyesha kwenye ufa wa mawe gamba la chatu lililovuliwa, jeupe, jembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, kila kigamba kimeacha alama yake. Yule muuguzi akauliza chatu mwenyewe yuko wapi. Askari akaonyesha mwamba mzima kwa kidevu.

Mama alilitazama gamba lile muda mrefu. Hakuligusa. "Hata babu yako alikuwa analiokota likivuliwa," akasema. "Anaweka juu ya mlango."

Sikumwuliza kwa nini, na sasa najuta.

Bango bado lipo. Jua limelipausha, koo la waridi limekuwa la maziwa, na watu hawasimami tena. Ila kuna kitu kimebadilika kwa mama. Nilimwandikia programu ndogo ya madeni, mistari kama themanini hivi, kwa sababu daftari lake lilikuwa limelowa maji ya samaki na kurasa zimeshikana. Yeye anasema, mimi naandika: nani amechukua sado ngapi, kwa bei gani, amelipa ngapi. Alikataa mwezi mzima. Kisha jioni moja wanawake wawili walibishana mbele yake kuhusu gunia, akanipigia simu. Tangu hapo hanipigii kunisalimia kwanza. Ananipigia nikiwa katikati ya somo, na sauti yake inasikika darasa zima.

"Muulize chatu, yule wa Igoma amebakiza ngapi?"

Wiki iliyopita chatu alisema elfu arobaini na mbili.

"Amekosea. Alikuja msibani kwa mjomba wako akaniletea kuku wawili. Tulikubaliana hesabu imekwisha. Andika kuku wawili."

Nikaandika kuku wawili kwenye sehemu ya malipo. Programu ikagoma, ikatema maandishi mekundu: sehemu ile inapokea namba tu. Wanafunzi wakacheka. Nikamwambia mama kwamba haikubali kuku.

"Basi hajui kazi," akasema, na akakata simu.

Nikageukia ubao. Tukafuta zoezi la siku ile, na tukaanza kuongeza safu ya kuku.